Mkiwataja watoto wa Sirhind, mtajeni na yule nawabu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kila Desemba inazunguka kwa simu zetu ile video ya watoto wawili wa kalasinga (Sikh) kule Sirhind, India, wanajengewa ukuta wakiwa hai, na kila mwaka lazima atokee mtu aandike chini yake ati Waislamu ndivyo walivyo. Mimi ni Mwislamu wa Mombasa na hii stori sikuipata kwa simu, niliipata Makindu, pale kwa hekalu la makalasinga ambapo msafiri yeyote anakula bure. Mzee mmoja aliyekuwa akigawa chapati alinikazia kitambaa kichwani manake kilikuwa kinateleza, akakaa na mimi, na dengu yangu ikapoa namsikiliza.

Ilikuwa 1704 kwa hesabu ya wengi. Guru Gobind Singh, kiongozi wa dini ya makalasinga, ametolewa mji wake wa Anandpur kwa vita, usiku, baridi kali, na kwenye mto Sarsa familia ikapotezana. Wanawe wakubwa Ajit Singh na Jujhar Singh, vijana wadogo tu, wakafa vitani Chamkaur. Wale wadogo, Zorawar kama miaka 9 na Fateh kama 6, walikuwa na bibi yao Mata Gujri, na aliyewauza ni Gangu, mpishi aliyekuwa akiwapikia nyumbani, wala hakuwa Mwislamu. Gavana wa Sirhind, Wazir Khan, akawafungia kwenye mnara wa baridi, akataka wabadili dini, wakakataa. Mtoto wa miaka 6, jamani! Na dini yetu yenyewe inasema hakuna kulazimishana.

Sasa hapa ndipo mzee alipopunguza sauti. Inasimuliwa kwamba Wazir Khan alimwambia nawabu, yaani mtawala Mwislamu, wa Malerkotla, Sher Mohammad Khan, haya, lipiza kisasi, ndugu yako si ameuawa na watu wa baba yao? Nawabu akakataa, akasema ugomvi wangu ni na baba, hawa watoto wamekosa nini, akatoka barazani. Hakusikilizwa, watoto wakauawa, lakini makalasinga hawakumsahau, 1947 Punjab ilipogawanywa na watu wakachinjana, Waislamu wa Malerkotla hawakuguswa, na wenyewe wanasema ni kwa ajili ya neno lile.

Yaani miaka zaidi ya 200 watu wameshika fadhila ya mtu mmoja, halafu sisi tunaforwadi kipande cha dakika mbili kisichomtaja kabisa, inaniuma sana.

Serikali ya India tangu 2022 inaadhimisha Desemba 26 kuwa siku ya hao watoto, na kule Fatehgarh Sahib, pale Sirhind walipouawa, watu hufurika kila mwaka. Gazeti lenu siku hiyo huwa limejaa habari za sikukuu na mechi, sawa, lakini mkipata kijisehemu wekeni majina yote manne ya wana wa Guru, na Sher Mohammad Khan mumweke humo humo. Yule mzee alinitajia jina hilo mara tatu kabla hajaniachia nikapande basi.

Msomaji wenu, Mombasa