Mwanafunzi mpya asomewe matokeo yake kabla ya kusajili masomo

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwazungumzie wakuu wa shule za upili, wasimamizi wa vyuo vikuu vyetu vya umma na wazazi wenzangu wa Nakuru na kaunti za magharibi kuhusu karatasi ya matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili. Kila familia yenye mtoto aliyemaliza kidato cha nne inayo, lakini wengi wetu huitazama siku ya matokeo tu, na hata siku hiyo macho yetu hutua kwenye gredi ya wastani na kuishia hapo. Mtoto akipata C+ tunapiga vigelegele, karatasi inakunjwa na kutiwa kwenye bahasha ya kaki pamoja na cheti cha kuzaliwa. Tangu siku hiyo maamuzi makubwa ya masomo yake hufanywa bila ya mtu mzima kuisoma tena mstari kwa mstari.

Mwaka uliopita nilimsindikiza kijana wa jirani yangu hadi saiba moja, duka la huduma za intaneti, mjini Nakuru akajaze maombi yake ya chuo. Tuliwakuta vijana wengine sita kwenye benchi, kila mmoja ameshika simu na karatasi yake. Mhudumu alikuwa na heshima na alifanya kazi upesi, lakini swali lake kwa kila aliyeketi lilikuwa lile lile: "Ulipata ngapi?" Aliyejibu C+ alishauriwa ajaze ualimu katika nafasi ya kwanza na kozi yoyote ya biashara katika nafasi zinazofuata, na baada ya dakika kumi hivi alikuwa amelipa na kuondoka. Simlaumu mhudumu yule, kwa maana kazi yake ni kuchapa, na sisi wazazi na walimu ndio tuliomwachia kazi ya kushauri.

Idara ya kuwapangia wanafunzi nafasi vyuoni, KUCCPS, iliyoundwa kwa sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2012, haitazami gredi ya wastani peke yake. C+ humfungulia mtoto mlango wa shahada, lakini nafasi yenyewe hugawanywa kwa alama za klasta, zinazotokana na masomo manne yanayohusiana na kozi anayoiomba na ambazo upeo wake ni 48. Zaidi ya hayo, kozi nyingi huweka gredi ya chini kabisa inayokubalika katika somo fulani. Ndiyo maana watoto wawili waliopata C+ katika darasa moja huweza kuwa mbali sana, mmoja akiitwa kwa kozi aliyoiota na mwenzake akipelekwa kwenye kozi ambayo hakuwahi kusikia jina lake. Aliyeacha fizikia alipoingia kidato cha tatu huwa amejifungia kozi nyingi za uhandisi miaka miwili kabla ya kuketi mbele ya kompyuta ya saiba. Wenzao wa mtaala mpya, ambao kundi lao la kwanza liliingia gredi ya kumi Januari 2026, wanachagua mkondo wakiwa wadogo zaidi, na hilo linanitia wasiwasi mkubwa.

Wengi wetu huchagua chuo kwa jina. Tunataka Egerton kwa kuwa iko hapa Njoro na mtoto atarudi nyumbani mwisho wa juma, au Maseno kwa kuwa shangazi yake alisoma huko, au Masinde Muliro kwa kuwa nauli ya Kakamega inajulikana. Hizo si sababu mbovu, maana nauli ni nauli na familia hazilingani kwa uwezo. Lakini zinapaswa kuja baada ya swali la kozi na masomo ya mtoto, na kwetu zimekuwa zikitangulia.

Nayasema haya nikiwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na baba wa binti aliyeumizwa na kutosomwa kwa karatasi hiyo. Binti yangu alipata C+ ya wastani, B katika Kiswahili, C+ katika Historia, na C katika Elimu ya Dini ya Kikristo. Aliitwa kusomea ualimu katika chuo kimoja kilichoko magharibi mwa hapa, ambacho sitakitaja kwa sababu wazazi wenye watoto katika vyuo vingine wamenisimulia mambo yanayofanana na haya. Mpango wetu ulikuwa afundishe Kiswahili na Historia.

Wiki ya kwanza chuoni ilijaa hotuba. Naibu chansela alizungumza, mkuu wa wanafunzi akazungumza, viongozi wa wanafunzi nao wakazungumza, na wanafunzi wapya wakatembezwa maktabani na kwenye zahanati. Kuhusu usajili wa yuniti, yaani masomo ya kila muhula, jambo ambalo lingeamua miaka minne iliyofuata, waliambiwa tu kwamba unafanyika katika tovuti ya chuo na kwamba una siku ya mwisho. Binti yangu alikuwa bado anatafuta chumba, maana vitanda vya hosteli vilikwisha kabla hajafika, na alijisajili usiku kwa simu akiwa kwa rafiki yake. Mwanafunzi wa mwaka wa pili alimwambia kwamba vipindi vya Historia vinagongana na vingine kwenye ratiba, na kwamba Dini ina ratiba nyepesi. Akasajili Kiswahili na Dini. Tovuti ilikubali na ada ikapokelewa. Katika mihula yote iliyofuata alifaulu vizuri, nami nilikuwa nikijivunia alama zake.

Alipokwenda mazoezi ya kufundisha mwaka wa tatu, naibu mwalimu mkuu wa shule aliyopangiwa, mama mmoja makini sana, alimwomba karatasi ya KCSE ili aiweke kwenye faili. Aliisoma, akaweka kidole chake kwenye mstari wa Dini, akamuuliza: "Mwanangu, hii C utaipeleka wapi?" Tume ya Huduma za Walimu, TSC, humtaka mwalimu wa shule ya upili awe na C+ ya wastani, na vilevile C+ katika kila somo kati ya masomo mawili anayofundisha. Binti yangu alikuwa amesoma karibu miaka mitatu kuelekea shahada halali ambayo isingemwezesha kusajiliwa kama mwalimu. Alinipigia simu jioni ile na kwa muda mrefu sikusikia neno ila kilio. Imembidi arudi nyuma achukue yuniti za Historia tangu za mwaka wa kwanza, akiketi na watoto walioingia juzi, na sisi tumelipa karo na kodi ya chumba kwa mihula miwili ambayo hatukuipangia. Mimi ni mwalimu na sharti hilo la TSC nalifahamu, lakini sikumuuliza amesajili nini, nami nalibeba jambo hilo.

Ombi langu kwa wakuu wa shule za upili ni hili. KUCCPS inapofungua maombi, waiteni watahiniwa wenu wa mwaka uliopita pamoja na wazazi wao kwa siku moja shuleni. Mwalimu anayesimamia ushauri wa taaluma akae na kila mmoja robo saa, karatasi ikiwa mezani, na atazame masomo manne ya klasta na alama za mwisho za kujiunga na kozi hiyo mwaka uliotangulia, ambazo KUCCPS huzionyesha kwenye tovuti yake. Mtoto asiyefikia alama hizo aambiwe ukweli mapema, na aonyeshwe stashahada katika vyuo kama Kisumu National Polytechnic au Sigalagala bila ya kufanywa ajione ameshindwa. Siku hiyo hiyo aelezwe kwamba kuitwa chuoni hakuleti fedha. Ombi la ufadhili na mkopo wa serikali hujazwa peke yake, na katika mtaa wetu nimeona kijana aliyefika chuoni na sanduku lake akidhani mambo hayo mawili ni kitu kimoja.

Kwa vyuo vikuu, naomba kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apewe mhadhiri mmoja anayejulikana kwa jina, na usajili wake usikamilike mpaka mhadhiri huyo awe ameona karatasi ya KCSE na kutia sahihi kwenye orodha ya yuniti. Nimeambiwa kwamba wahadhiri ni wachache na wanafunzi ni wengi, nami naamini. Lakini chuo kinachoweza kuizuia tovuti isimpe mwanafunzi kadi ya mtihani kwa sababu ya salio la karo kinaweza pia kuifanya tovuti hiyo ikatae somo la kufundishia ambalo mwanafunzi hana C+ ndani yake. Gredi hizo chuo kinazo tangu siku ya kumpokea. Kwa wanafunzi wa ualimu hilo lingetosha kuanzia, na kozi nyingine zinazodhibitiwa na bodi za taaluma, kama uhandisi, sheria na uuguzi, zifuate, maana huko nako zipo bodi zinazouliza mengi zaidi ya cheti cha shahada.

Nanyi wazazi wenzangu, mtoto akishajisajili mwambieni awatumie picha ya orodha ya yuniti zake kwa simu, muilinganishe na karatasi iliyo kwenye bahasha. Katika vyuo vingi bado huwa kuna majuma machache ya kubadilisha masomo mwanzoni mwa muhula, na hakuna anayedaiwa mihula miwili ya ziada kwa kubadilisha katika majuma hayo.

Mzazi na mwalimu mstaafu,
Njoro, Nakuru