Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Jumuiya ya Watumia Maji, Bonde la Usangu

Ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kuhudhuria mkutano mkuu. Mapato na matumizi yatasomwa na mweka hazina. Mimi nitaeleza jambo lililoishughulisha kamati kuliko yote mwaka huu, yaani jinsi matumizi ya ardhi yalivyobadilika katika bonde letu na athari zake kwa mto na kwa kipato cha kaya zetu.

Wazee waliomo humu wanaikumbuka Usangu ya miombo, malisho na mashamba madogo ya mpunga wa masika. Yalipoanzishwa mashamba makubwa ya serikali ya Mbarali na Kapunga, umwagiliaji ulienea kwa wakulima wadogo, na majaruba yakaingia hata kwenye mbuga walizochungia wafugaji. Faida yake kila mmoja wetu anaiona: mchele wa Mbeya unatafutwa katika masoko makubwa ya nchi, na wengi wetu tumejenga na kusomesha kwa mpunga. Kamati haikilaumu kilimo hiki.

Hata hivyo, tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, ambao awali ulitiririka mwaka mzima, hukauka karibu kila kiangazi chini ya Ng'iriama, maji ya kinamasi cha Ihefu yanakotokea kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na viboko hubanana katika madimbwi yaliyosalia. Mto huohuo ndio unaolisha mabwawa ya umeme ya Mtera yenye megawati 80 na Kidatu yenye megawati 204. Ihefu iliposinyaa, wavuvi walipoteza riziki. Wafugaji nao waliondolewa kuanzia mwaka 2006, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na hifadhi. Ng'ombe waliobaki sasa hutegemea mabua ya mpunga baada ya mavuno, na hapo ndipo ugomvi wetu na wafugaji unapoanzia.

Kwa maoni yangu, tunabishana mno kuhusu ekari na kuisahau kalenda. Mpunga wa masika hutumia maji wakati mito ya Mbarali, Kimani na Chimala imejaa, ilhali kinachouumiza mto ni yale maji machache tunayoyachepusha kati ya Agosti na Novemba. Banio, yaani kizuizi cha kuchepushia maji ya mto kwenye mfereji, zamani lilikuwa la magogo na mawe; lilikuwa linavuja, na mafuriko yakija yalilizoa, kwa hiyo maji yalipita. Banio la zege linaweza kuuchukua mto wote wa kiangazi. Kamati ilipoukagua mfereji mkuu mwezi Oktoba, ilikuta maji yakisafiri kwenye udongo mkavu hadi kitongoji cha mwisho, kina mama wakiyachota kwa kata kujaza ndoo, huku sehemu kubwa ikiwa imepotelea njiani kwenye mchanga na majaruba yasiyolimwa. Sioni haki ya kuwanyima kina mama hao maji, lakini kuukausha mto kwa ajili ya ndoo hizo ni hasara kubwa mno.

Kwa sababu hiyo kamati inapendekeza kila banio lifungwe baada ya mavuno, wala kibali cha kutumia maji kisitumike nje ya msimu wake. Wanachama waliojaribu kilimo shadidi, kwa kupandikiza mche mmoja mmoja ukiwa mchanga, kwa nafasi, na kuliacha jaruba likauke kidogo kabla ya kulinywesha tena, wafundishe wenzao shambani. Mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji nao utenge njia ya mifugo, na wafugaji washiriki kuupanga.

Naomba mjadala uanze na visima vya vitongoji vya mwisho wa mfereji, kwa kuwa visipochimbwa kwanza, azimio la kufunga mabanio halitatekelezeka.