Karafuu twapima kwa pishi, injini twapima kwa dua

Mhariri, assalaam alaykum. Naomba nafasi kidogo nitoe langu la moyoni, na isije ikaonekana namsema mtu, nianze kwa kusema kabisa kwamba mkosa hapa ni mie.

Nna Hiace yangu ya abiria, Wete Chake, injini 3L ile ya dizeli, kongwe lakini ndo inolisha nyumba. Mwaka jana ikachemsha njiani, dereva wangu akaendelea kuikanyaga akidhani atafika, kufika hakufika. Tulipochomoa kile kijiti cha kupimia oili tukakuta oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, na kila anojua magari ashajua, maji yashaingia kwenye oili, hapo hakuna dawa ila injini ifunguliwe. Nikenda gereji moja mjini wakanambia ufundi peke yake laki 4, spea mbali. Nikakuna kichwa. Nikakumbuka, kwani mie si nna mtoto wa dada yangu, kasomea ufundi wa magari kituo cha mafunzo ya amali Vitongoji, kamaliza, yupo nyumbani? Nikampigia simu dadangu, wala si yeye mwenyewe. Yani nlimuagiza fundi kwa mamake kama mtu anoazima kinu.

Kijana akaja na boksi lake la spana. Siku 9 kalala na kuamka chini ya mwembe wangu, safari ya Unguja siihesabu humo. Mie nlikuwa nakaa pembeni na kikombe changu cha chai namuangalia, na nlichokiona bado kinanikaa. Kila nati anoifungua hakuitupa kwenye ndoo kama nlivozoea kuona, kapanga vifuu vya nazi mstari mzima, kila kifuu kakiandika kwa chaki, hizi za hedi, kile kichwa cha juu cha injini, hizi za pampu ya maji, hizi za sampu, lile bakuli la oili chini. Konrodi, vile vyuma vinoshika pistoni, kabla hajazitoa kazitia alama moja moja ili zirudi palepale zilipotoka. Hedi akaiwekea rula ya chuma akanionesha mwanga unapita chini yake, "mjomba, imepinda hii, ukitia gasketi mpya juu yake unatupa pesa." Basi kaivisha gunia kaipandisha meli mpaka Unguja ikasawazishwe mashineni, kalala huko kwa watu, karudi nayo begani. Nauli nlimpa. Ya kula hata sikumuuliza, wallahi.

Siku ya kufunga hedi kaenda mpaka Chake kuazima ile spana ya kupimia ukazo, maana alisema kwa mkono hafungi. Anaanza nati za katikati anatoka pembeni, raundi ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu ndo mwisho. Halafu ringi mpya, beringi mpya, belti ya taiming mpya, katoa upepo kwenye dizeli, tukapiga stata, ikakohoa, ikatoa moshi mweupe nikataka kulia, kisha ikatulia. Kachukua bisibisi refu ncha kwenye injini mpini sikioni, kafumba macho anasikiliza kama daktari. Akasema, "Iko sawa mjomba."

Nikampa elfu 50. Na dua ndefu.

Usiku mke wangu, ni mwalimu wa skuli huyu, hesabu hazimshindi, akaniuliza umempa ngapi, nikamwambia. Akanyamaza kidogo akasema, elfu 50 kwa siku 9 ni elfu 5 na nusu kwa siku. Kima cha chini cha serikalini kilichotangazwa 2022 ni 347,000 kwa mwezi, gawa kwa siku 26 za kazi, ni elfu 13 na kitu. Yani fundi alorudisha injini yako duniani hata nusu ya mtu wa mshahara mdogo kabisa hukumfikishia. Mie nikajifanya nna usingizi.

Lakini halikuniuma hapo, lilikuja kuniuma msimu wa karafuu. Kijana huyu huyu kaja kunichumia, na jioni kama kawaida tumekaa barazani na pishi, kile chombo cha kupimia karafuu, tunapima, zako ngapi, za huyu ngapi, pesa mkononi palepale. Mtoto wa nyumba na mgeni bei moja. Hata mamake angechuma angepimiwa, na hakuna mtu hapa Pemba atakaesema usimlipe huyo ni mwanetu, na ukimpunja pishi mtaa mzima unakucheka. Nikamtazama anahesabu pesa zake za karafuu nikajiuliza, sasa huyu kupanda mkarafuu nampimia, kushusha injini mbona sikumpimia? Jawabu nnaloliona mie ni kuwa karafuu ina pishi, kila mtu anaiona imejaa au haijajaa, ila kazi ya fundi hatukuiwekea pishi, basi kila mjomba anapima kwa imani yake, na imani ya mjomba siku zote ni ndogo kuliko pishi.

Hilo nimelitia barazani, nikajibiwa mengi. Mmoja kanambia lakini si umemlisha siku zote hizo? Nimemlisha, boflo asubuhi, wali na dagaa mchana. Nani kaona gereji imekata bei kwa sababu umewapelekea wali? Mwengine akasema yule anajifunza, gari yako imekuwa skuli yake. Hapana bwana, ningeamini anajifunza nisingemkabidhi gari inonilisha, nlimkabidhi kwa sababu najua anajua, hiyo habari ya kujifunza imekuja wakati wa kutoa pesa tu. Na ile hadithi ya Mtume (S.A.W.) ya kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho halijakauka sote tunaijua, naona tunaifanya kama jasho la mpwa lina ruhusa ya kukauka.

Sisemi kila kitu kiwe bei. Kubadilisha plagi, kuziba pancha, kumwaga oili, hayo ndugu watafanyiana na chai itatosha. Nasema kazi kubwa, injini kushuka, gia boksi kufunguliwa, kazi inomfungia kijana siku nzima na zaidi asiweze kupokea kazi ya mtu mwengine. Hapo uliza gereji mbili ufundi wao kiasi gani, punguza kidogo kwa vile yeye halipi kodi ya banda, mie naona thuluthi moja inatosha kutoa, kilobaki ndo chake, na mpatane kabla nati ya kwanza haijafunguka, na mpatane na yeye, sio na mamake. Siku za kufata spea nazo zihesabiwe. Akiharibu kwa uzembe wake arudie bila malipo, hiyo ndo heshima ya fundi popote.

Na kama pesa huna sema huna. Mie nlikuwa naweza kabisa, gari imerudi barabarani kila jioni dereva ananiletea hesabu, ningemkatia kijana elfu 20 kila wiki katika hesabu hiyo hata nisingeiona. Sikufanya kwa sababu hakudai, na atadai vipi, mtoto wa Kipemba amdai mjombake?

Baada ya msimu kaondoka, yuko Unguja, gereji ya watu huko Mwanakwerekwe. Dadangu kanambia kauza lile boksi la spana kubwa apate nauli na pesa ya kuanzia. Hapo ndo nlishindwa kula. Nikapiga hesabu yangu, laki 4 toa thuluthi, toa elfu 50 alokwisha pewa, wiki ilopita nikamtumia kwa simu 217,000 bila kumwambia.

Haijapita dakika kanipigia. "Mjomba, nahisi umekosea namba, nikurudishie?"

Nikamwambia sijakosea, nunua boksi lako. Na klachi imeanza kuteleza, akija Sikukuu ataifungua, tumeshapatana elfu 80.

Mwenye Hiace, Wete, Pemba