Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Darasa la Mpwapwa 1973–1975

Ndugu walimu wenzangu,

Nawasalimu bila shikamoo, maana sote ni rika moja. Isipokuwa ndugu yetu wa Kondoa, ambaye kwa kututangulia miezi saba anaidai kila tukikutana. Mwaka huu nimempa, ili kikao kiende.

Miaka hamsini imetimia tangu tutoke Chuo cha Ualimu Mpwapwa na vyeti vyetu vya Daraja A. Tuliingia vijana wa kidato cha nne, sanduku la bati kichwani, treni ya reli ya kati ikitumwaga Gulwe gizani. Tukiwa bado chuoni likatoka Azimio la Musoma, Novemba 1974, kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe shuleni. Ndiyo maana wengi wetu tulipewa kuwalea walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, waliotoka darasa la saba juzi tu, nasi wenyewe ndevu hazijakomaa.

Basi Agosti tulikutana Dodoma, kumi na saba. Waliotoka Dar es Salaam walipanda SGR, treni mpya ya umeme, wakapita kwenye mahandaki ya Kilosa, na Gulwe ilipokaribia wakasogea wote dirishani. Treni haikuwapa hata nafasi ya kubishana duka la chai lilikuwa upande gani. Kesho yake tukakodi Coster, tukapita Kongwa hadi Mpwapwa, tukala ugali na mlenda. Aliyekuwa akiukataa mlenda mwaka 1973 safari hii aliongeza mara mbili. Meno yamemfundisha adabu.

Hongera ni nyingi. Wale wawili tuliokuwa tukiwachungulia chini ya mbuyu wametimiza jubilei ya dhahabu ya ndoa, na bwana angali hajui kupika chai. Dada yetu wa Singida amepata shahada ya Chuo Kikuu Huria akiwa na miaka sabini na moja. Aliposimama kupokea, vitukuu wawili walikuwa ukumbini. Mwenzetu wa Kibakwe ameanza kuuza miche ya maembe. Mjihesabie wenyewe wajukuu, mimi nimechoka kuandika.

Wagonjwa siwataji majina. Watatu wamefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na mmoja aliporudi nyumbani alishangaa kuona ukuta una nyufa. Kisukari na presha sivitangazi tena kama habari. Ila nitaje mkasa wa mwenzetu aliyekwenda kuhakikiwa pensheni, mashine ikakataa alama za vidole vyake. Karibu miaka arobaini ya chaki na jembe la bustani ya shule imevisugua vikawa laini kama karatasi. Akarudishwa mara tatu, kila mara kwa nauli yake, mpaka mkuu wa ofisi alipokubali kutazama uso wake na kitambulisho. Katibu ameandika barua kwa niaba yetu. Majibu tunayasubiri.

Nije kwenye jambo lililonikosesha usingizi. Mwezi wa kwanza tulimtumia mwenzetu wa Rufiji salamu za mwaka mpya. Akajibu, "Amina." Pasaka, "Amina, nanyi pia." Idi vilevile. Tukasema mzee kapunguza maneno. Agosti katibu akapiga simu kumuuliza kama atakuja Dodoma, akapokea kijana wa bodaboda aliye Kahama. Laini ile alikuwa ameinunua karibuni. Kwa upole akasema, "Babu, mimi siye, ila salamu zenu nilizipokea kwa heshima." Tulipofuatilia kijijini tukaambiwa mwenzetu alizikwa mwaka jana, mwezi wa kumi na moja. Tulimtakia heri akiwa kaburini, na hakuna hata mmoja wetu aliyegundua. Huyu ndiye aliyekuwa akitugawia sabuni yake bwenini.

Mwaka huu wenyewe wametutoka wanne. Hao tuliwazika, sare zetu na shada vikiwapo.

Mweka hazina atawasomea hesabu zote. Mimi nasema hivi: katika kila shilingi kumi tulizotoa, saba zilikwenda misibani, mbili kwenye kikao, na moja tu kwa mgonjwa aliye hai. Kamati inapendekeza rambirambi ipunguzwe nusu, tofauti iwe nauli. Kila mkoa uteue wawili wa kuwatembelea walionyamaza, wabishe hodi, wakae, wanywe maji. Najua wapo watakaosema tunawanyima marehemu heshima. Nilikuwa mmoja wao hadi Agosti. Shada la maua mwenzetu wa Rufiji asingelihitaji. Aliyehitajika ni mtu mmoja wa kupanda basi hadi Ikwiriri na kumuuliza hali. Tutapiga kura kikao kijacho, Morogoro, Julai 2026. Asiyeweza kuja amtumie katibu kura yake kwa sauti. Herufi ndogo za simu tumeshindwa nazo wote.

Anayebadilisha laini amwarifu katibu, na amwachie pia namba ya mwanawe au jirani.

Kijana wa Kahama ameomba abaki kwenye orodha ya salamu. Kamati haikuona sababu ya kumkatalia. Ada hatutamdai.

Mwenyekiti