Watengeneza programu, njooni leba kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie vijana wetu wanaotengeneza programu za simu kwa ajili ya wanafunzi wa uuguzi, ukunga na utabibu. Ni vijana hodari, na kazi zao naziona kila siku kwenye simu za wanafunzi wangu. Lakini karibu zote nilizoziona ni kitu kilekile: mitihani ya miaka iliyopita imetolewa kwenye karatasi ikaingizwa kwenye simu. Swali, majibu manne, chagua, alama ya vema ya kijani, swali linalofuata. Wanafunzi wanazipenda kwa sababu mtihani upo na kurudia mwaka ni gharama. Siwalaumu. Ila simu hiyohiyo inaweza kufanya kazi kubwa zaidi, na hapa kwetu ni wachache mno waliojaribu kuipa kazi hiyo.

Mimi ni mkunga. Nilifanya kazi leba miaka mingi kabla ya kuwa mkufunzi katika chuo kimoja huku Kanda ya Ziwa. Tukiwa kwenye mtihani wa vitendo, mezani kunakuwa na doli la mtoto mchanga, ambubegi (mfuko wa kuminya wa kumpa mtoto hewa) na maski yake, vitambaa viwili vikavu, kifaa cha kunyonya ute, na saa ukutani. Namwambia mwanafunzi: mtoto amezaliwa sasa hivi, halii. Mwanafunzi huyu kwenye karatasi amepata alama za juu, na ukimwuliza hatua atakutajia zote kwa mpangilio. Anamkausha mtoto vizuri, anamsugua mgongo. Kimya. Anachukua kifaa cha kunyonya, ananyonya kinywa, ananyonya pua, anatazama, ananyonya tena. Ambubegi iko palepale kando ya mkono wake wa kulia na mkono hauendi. Anapokuja kuweka maski usoni, dakika imeshapita zamani, kichwa cha mtoto kimeinama mbele mno, anaminya na kifua hakinyanyuki. Hapo ananitazama mimi.

Dakika hiyo ya kwanza baada ya kuzaliwa wakunga tunaiita dakika ya dhahabu. Mtoto asiyepumua anatakiwa awe ameanza kupewa hewa kabla haijaisha. Swali la kuchagua jibu haliwezi kumzoesha mwanafunzi dakika hiyo, kwa sababu swali linamsubiri mpaka awe tayari.

Ushahidi wa jambo hili upo hapahapa nchini. Mafunzo ya Helping Babies Breathe, yaani ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, yalipoletwa katika hospitali nane za Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Ni mafanikio makubwa sana. Lakini Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilituonyesha upande mwingine wa habari hii. Baada ya kozi ya siku moja wahudumu walifanya vizuri mbele ya doli, ila walipokwenda kwa watoto halisi wodini utendaji wao haukubadilika. Mambo yalibadilika hospitali ilipoanza mazoezi ya dakika chache tu, yanayorudiwa mara kwa mara palepale kazini. Ripoti ya mwaka 2015 ilionyesha vifo vya siku ya kwanza vimeshuka kutoka takriban 11 hadi 7 katika kila watoto 1,000.

Dakika chache, mara kwa mara. Nikisoma maneno hayo naiona simu. Doli la chuo linagombaniwa na darasa zima, na jioni linafungiwa kabatini. Simu mwanafunzi analala nayo, anapanda nayo daladala, anakwenda nayo fildi. Mchezo wa dakika tatu unaweza kumrudisha mbele ya mtoto asiyelia kila siku ya Mungu, hata akiwa kwenye zahanati ambako doli halijawahi kufika.

Wenzetu wameanza. Chuo Kikuu cha Oxford na watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, mpango wa utafiti wa afya nchini Kenya, walitengeneza mchezo wa simu uitwao LIFE, ambamo mhudumu anaingia kwenye hospitali ya kwenye kioo cha simu na kumhudumia mtoto mchanga asiyepumua. Ipo pia Safe Delivery App ya Maternity Foundation ya Denmark, inayofundisha kwa filamu za katuni na inafanya kazi bila mtandao ukishaipakua. Ilijaribiwa Ethiopia, na matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha ujuzi wa wahudumu umepanda. Vifo vya watoto vilionekana vichache zaidi, ila tofauti hiyo haikutosha watafiti kuithibitisha. Napenda ukweli wa namna hiyo. Programu ikipandisha ujuzi imefanya jambo, lakini asiwepo wa kutuambia kuwa imechukua nafasi ya doli, mkufunzi na mgonjwa.

Mimi sijui kuandika programu hata mstari mmoja. Nilichofanya ni kutengeneza kadi za manila, na mchezo wenyewe unakwenda hivi. Wanafunzi wawili wanakaa mezani, mmoja anacheza, mwingine ameshika simu yenye saa. Nasoma kadi ya kwanza: "Saa nane usiku, kituo cha afya. Uko peke yako na mhudumu wa usafi. Mtoto amezaliwa, amelegea." Mchezaji anasema anachofanya. Sekunde zikipita bila jibu, nageuza kadi nyingine na hali inakuwa mbaya zaidi. Akisema ameanza kumpa hewa, nageuza: "Kifua hakinyanyuki." Hapo ndipo pana utamu wa mafunzo. Je, atarekebisha kichwa? Ataweka maski upya? Ataangalia ute kinywani, afungue kinywa kidogo, aminye kwa nguvu zaidi? Au ataendelea kuminya vilevile huku anaomba Mungu? Wanafunzi wanapiga kelele, wanabishana, na wiki inayofuata wao ndio wanaonikumbusha kuleta kadi. Kadi haziwezi kuhesabu sekunde wala kukumbuka kila mmoja anakwama wapi. Simu inaweza.

Pia kuna mama. Amejifungua salama, kondo la nyuma limetoka, anaongea na ndugu zake, kisha anasema ana kiu na anasikia kizunguzungu. Kanga iliyo chini yake imelowa. Imelowa kiasi gani? Utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulionyesha kuwa kwa kukadiria kwa macho wahudumu waligundua kama nusu tu ya akina mama waliokuwa wanavuja damu kupita kiasi. Walipotumia mfuko wa plastiki wenye vipimo waliwagundua asilimia 93. Na walipofanya hatua za tiba kwa pamoja, yaani kuchua mfuko wa uzazi, oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu igande), dripu, kukagua michaniko na kuita msaada, bila kungoja hatua moja ishindwe ndipo waende ya pili, madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60. Hebu fikirini mchezo unaomwonyesha mwanafunzi mfuko ukijaa mbele ya macho yake, mililita 300, 400, 500, na anatakiwa aamue. Au picha ya kanga zetu zilizolowa, akisie kwanza, kisha aoneshwe kipimo halisi. Sehemu nyingi bado hazina mifuko hiyo, na macho ndiyo yanatumika.

Kwa hiyo vijana, mkianza, tengenezeni leba yetu. Michezo mingi ya nje ina oksijeni ukutani, mitambo pembeni ya kitanda na timu ya watu watano. Huku weka mkunga mmoja, umeme umekatika, oksitosini imekaa nje ya friji tangu asubuhi, gari la wagonjwa liko safarini na rufaa nyingine. Maelezo yawe kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho tunachoitana nacho wakati wa hatari, na ndicho mama anachoulizwa nacho. Majina ya dawa yabaki kama yalivyo kwenye boksi. Programu iwe nyepesi, ikipakuliwa mara moja isidai bando tena, maana simu ya mwanafunzi ikijaa cha kwanza kufutwa ni cha shule.

Naomba sana mwe waangalifu na pointi. Nimeona mchezo mmoja unaotoa nyota kwa anayebonyeza haraka, na wanafunzi wakajifunza kubonyeza haraka. Walikuwa wanaruka kuvaa glovu na kumkausha mtoto ili washinde. Kasi ihesabiwe kwenye hatua zinazookoa maisha tu, na aliyeruka hatua mchezo umrudishe nyuma umweleze mgonjwa amepatwa na nini.

Jambo jingine, kila kipimo cha dawa na kila hatua vioneshe vimetoka kwenye mwongozo upi na wa mwaka gani. Wengi wetu tulifundishwa kunyonya ute wa kila mtoto anayezaliwa. Leo mtoto anayepumua vizuri hanyonywi. Kitabu cha zamani kinajionyesha uzee wake kwa rangi ya karatasi. Programu ya zamani inang'aa kama mpya, na mwanafunzi ataiamini. Kama hamna mtu wa kuihuisha kila miongozo inapobadilika, ni heri iondolewe.

Kwa vyuo vyenzetu, nashauri tuache kuwapokea vijana hawa siku ya uzinduzi tu, wakati kazi imekwisha. Mkunga akae nao tangu mchoro wa kwanza, alipwe muda wake, na wanafunzi wa mwaka wa pili wawe wajaribuji, kwa simu zao wenyewe za bei ndogo. Programu inayokwenda vizuri kwenye simu ya mwenye kampuni na kukwama kwenye ya mwanafunzi haijakamilika.

Kadi zangu zipo, visa vya mtoto na vya mama, na natoa bure kwa yeyote atakayetaka kuvigeuza kuwa mchezo. Sharti langu ni moja: kabla hajaandika chochote, aje atazame mtihani mmoja wa vitendo kuanzia mwanafunzi wa kwanza hadi wa mwisho, akiwa na saa mkononi.

Mkunga na mkufunzi,
Mwanza