Barua ya wazi kwa Waziri wa Sayansi: vipandikizi vya mfupa kutoka baharini vipimwe milango ya matundu yake

Mheshimiwa Waziri,

YAH: RASIMU YA MWONGOZO WA VIPANDIKIZI VYA MFUPA VITOKANAVYO NA VIUMBE WA BAHARINI

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia nikiwa fundi wa maabara ambaye kazi yangu ya kila siku ni kukata, kuchemsha na kuchoma mifupa ya viumbe wa baharini ili igeuke nyenzo ya kuzibia pengo katika mfupa wa binadamu. Nimeisoma rasimu ambayo ofisi yako imeitoa ili wananchi waitolee maoni, na sehemu kubwa yake naiunga mkono. Neno langu liko katika kifungu kimoja tu, kile cha vipimo vya ubora. Kifungu hicho kinadai usafi wa kikemia na asilimia ya uwazi, yaani sehemu ya ujazo wa nyenzo ambayo ni matundu matupu, kisha kinanyamaza kuhusu upana wa njia zinazounganisha tundu moja na jingine. Kwa maoni yangu, njia hizo ndizo zinazoamua kama mfupa utaota hadi katikati ya kipandikizi au utakomea kwenye ngozi yake.

Naomba nieleze kwanza kwa nini tunahangaika na bahari. Mwaka 1972 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, Rodney White, Jon Weber na Eugene White, walichapisha njia ya kunakili mifupa ya matumbawe na miiba ya nungunungu wa baharini. Nyenzo nyingine hujazwa ndani ya matundu, kisha kaboneti ya asili, yaani madini ya chokaa yaliyounda mifupa na miiba hiyo, huyeyushwa kwa asidi, na kinachobaki ni nakala ya matundu yale kwa polima (plastiki na jamaa zake), kwa metali au kwa kauri. Miaka miwili baadaye Della Roy na Sari Linnehan walionyesha kwamba hata kunakili si lazima, kwa sababu tumbawe lenyewe likipikwa pamoja na chumvi ya fosfeti ndani ya chombo cha shinikizo hubadilika kuwa hidroksiapataiti, madini ya jamii ileile iliyomo katika mifupa yetu, na umbo lake hubaki vilevile. Wao walitumia shinikizo lililokaribia mara elfu moja ya lile la angahewa. Siku hizi kwa vipande vidogo tunaweza kufanya kazi kwenye sentigredi 200, na shinikizo la mvuke wa maji yenyewe, ambalo ni kama mara kumi na tano ya lile la angahewa, linatosha.

Tunachokinunua kwa taabu hiyo yote ni umbo. Kemia ya fosfeti ya kalsiamu, jamii ya madini ambamo hidroksiapataiti imo, tunaweza kuitengeneza kwa unga wa kawaida, lakini kiwanda hupata shida kubwa kutengeneza mtandao wa matundu yaliyoungana pande zote, yenye kuta nyembamba na upana unaofanana, kama ule ambao kiumbe mdogo laini wa tumbawe huujenga bila tanuri. Tumbawe la jenasi ya Porites huwa na matundu ya takriban mikrometa 200 (mikrometa moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na la Goniopora huwa na takriban mikrometa 500. Tangu miaka ya 1970 imekubalika kwa jumla kwamba mishipa ya damu na seli zinazojenga mfupa huhitaji njia ya kiasi cha mikrometa 100 au zaidi ili zipenye na kuendelea kuishi humo. Nasisitiza neno njia. Chumba kikubwa chenye mlango wa tundu la sindano hakimsaidii mtu anayetaka kuingia.

Mfano mzuri wa hatari ya kifungu chako ni gamba la ndani la dome, yule ndugu yake ngisi, jeupe na jepesi, ambalo huelea hadi ufukweni baada ya mnyama kufa. Uwazi wake hufikia takriban asilimia 90, kwa hiyo katika jedwali la rasimu lingepita kwa alama za juu kuliko tumbawe lolote. Hebu tulitazame kwa karibu. Limejengwa kwa ghorofa nyingi, kila ghorofa ikiwa na sakafu nzima isiyo na tundu, na kati ya sakafu mbili kuna kimo cha sehemu chache za milimita kilichoshikiliwa na kuta nyembamba zilizopindapinda. Dome hulitumia kama boya, akipunguza au kuongeza maji ndani ya vyumba hivyo ili apande au azame, na boya ambalo maji hupenya kutoka ghorofa hadi ghorofa lingekuwa la bure kwake. Yaani maumbile yalikusudia kabisa kwamba pasipitike.

Siku moja nilichukua kipande cha gamba hilo kilichokwisha kugeuzwa kuwa hidroksiapataiti, chenye cheti safi cha kemia, nikakisimamisha katika kisahani chenye rangi ya bluu huku sakafu zake zikiwa zimelala sambamba na meza. Baada ya saa nzima nilikipasua kwa msumeno mwembamba. Ghorofa mbili za chini zilikuwa za bluu, na zote zilizobaki zilikuwa nyeupe kama nilivyoziacha. Kipande cha pili kutoka gamba lilelile nilikisimamisha kwa ubavu, sakafu zikielekea juu, nacho kilinyonya rangi hadi kileleni kabla sijamaliza kuandika tarehe kwenye daftari. Kemia ni moja, asilimia ya uwazi ni moja, lakini daktari angekipachika cha kwanza katika mfupa kwa mwelekeo ule, angekuwa amepachika ukuta. Sisemi gamba la dome lisitumike, kwa kuwa mimi mwenyewe nalipenda kuliko nyenzo nyingine zote ninazoshika. Nasema mtengenezaji alazimike kupima upitaji katika mielekeo yote mitatu na kuuchora mwelekeo ulio wazi juu ya kipande chenyewe.

Miiba ya nungunungu wa baharini ina tatizo la namna nyingine. Humo milango imeungana kila upande kwa mikunjo laini ambayo huvumilia mzigo vizuri, ila sehemu kubwa ya matundu yake ni ya makumi ya mikrometa tu. Kalsaiti yake, yaani kaboneti ya kalsiamu inayoijenga, ina magnesi, na ikipikwa na fosfeti hutoa fosfeti ya kalsiamu yenye magnesi ambayo mwili huiondoa taratibu. Hiyo ni sifa njema, lakini isichanganywe na tumbawe katika daraja moja, kama rasimu inavyofanya kwa kuviita vyote «mifupa ya matumbawe na mfano wake».

Liko jambo jingine ambalo kipimo cha malighafi hakiwezi kulikamata. Tumbawe ni aragonaiti, umbo jingine la kaboneti ya kalsiamu, na likichomwa kwa pupa ili kuondoa mabaki ya nyama, aragonaiti hugeuka kalsaiti, ambayo huchukua nafasi zaidi kwa kama asilimia 8. Nimewahi kufungua tanuri nikakuta trei nzima imejaa vipande vyenye nyufa, kosa likiwa langu mwenyewe kwa kupandisha joto haraka ili niwahi mwisho wa juma. Vipande vile vilipimwa uwazi vikaonekana bora kuliko vya kawaida, kwa sababu ufa nao huhesabiwa kuwa uwazi.

Kisha kuna polima. Kauri yenye matundu ni dhaifu, na kipande kilichogeuzwa vizuri naweza kukivunja kwa vidole viwili. Ndiyo maana tunakipaka utando wa polima inayoyeyuka mwilini, kama vile polikaprolaktoni, au gelatini, tukapata nyenzo mseto isiyomeguka mkononi mwa daktari. Utando ukiwa mwembamba hufunika kuta na kuacha milango wazi. Ukizidi, mvuto wa kimiminika huukusanya palepale kwenye milango, ambapo ndipo pembamba zaidi, ukakaukia hapo kama kiwambo cha ngoma. Rasimu inataka vipimo vifanywe kabla ya upakaji. Kwa unyenyekevu wote naona hapo pamekosewa, kwani atakayepandikizwa hatapokea kipande ambacho hakijapakwa.

Naomba basi kifungu kiandikwe upya ili kila kundi la bidhaa lipimwe upana wa milango likiwa katika hali yake ya mwisho, kwa skana ya eksirei pale ilipo, na kwa kipimo cha kupitisha maji kwa shinikizo linalojulikana pale isipokuwapo. Kipimo hiki cha pili hakihitaji mtambo wowote wa kifahari, na maabara ndogo isitumie ufukara kuwa kisingizio. Kuhusu malighafi, nitasema kwa ufupi kwa sababu rasimu yenyewe imelishughulikia vyema: matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na Porites wa umbo la jiwe hukua takriban sentimita moja tu kwa mwaka, kwa hiyo gamba la dome na miiba inayotupwa na wavuvi vipewe kipaumbele katika vibali.

Vile vipande viwili vya bluu bado ninavyo, vimepasuliwa katikati na kuandikwa tarehe. Kamati yako ikipanga siku ya kusikiliza maoni, nitavileta pamoja na kisahani na rangi, ili wajumbe wafanye jaribio hilo kwa mikono yao wenyewe. Linahitaji meza moja na saa moja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa maabara ya nyenzo