Mhariri, nirudishieni mtima wangu

Ndugu Mhariri,

Assalaamu alaykum. Mwaka unakatika, na mie kila Disemba nina ada yangu: nakaa barazani na daftari, nahesabu kilichotoka mikononi na kilichotoka kichwani. Mikono imetoa mikeka 4. Majamvi ya kuanikia karafuu siyatii hesabuni, jamvi la miyaa hata mtoto wa chuoni anasuka. Kichwa kimetoa mashairi 11. Yote 11 nimekuleteeni, mkachapa 3. Kwa hilo sina neno; neno langu ni yale maneno mawili mliyonibadilishia katika shairi moja. Ukurasa ni mmoja na watunzi tumejaa kama dagaa.

Katika mikeka, mitatu imekwenda ilikokwenda. Mmoja wa harusi, mmoja niliuza shilingi 60,000 kwa mtu aliyetaka nimpunguzie mpaka akaona haya mwenyewe, mmoja nimeutoa msikitini. Nilioupenda ni wa nne, nao ndio ulioharibika. Ukindu haukukauka sawasawa, kwa haraka yangu nikautia kwenye sufuria ya rangi ya zambarau, ukatoka na rangi ya chai ya jana. Nikasuka hivyo hivyo, kwa sababu mwanangu alikuwa anasafiri kwenda Muscat na siku zilikuwa zimebaki 19. Kauchukua. Ananiambia wenzake wanaulizia rangi ile naitoa wapi.

Alipoondoka ndipo nikatunga shairi lile mlilolichapa. Ubeti wa kwanza, kama nilivyouandika kwa mkono wangu, ni huu:

Mtima umenipwaya, mwanangu kavuka maji,
Mikono inanigwaya, simi yule msukaji,
Chunguni ni hali mbaya, sitamani hata uji,
Mlango sitaufunga, hata usinzie mji.

Gazetini ukatoka "Moyo umenipwaya", na mstari wa pili "si mimi yule msukaji". Najua aliyefanya hivyo hakuwa na nia mbaya. Pengine ni kijana, kaona "mtima" ni neno la kizee, na "simi" kadhani ni kosa la chapa. Lakini Mhariri, hebu tuhesabu pamoja. Mizani ni silabi, na kila mstari wangu una 16. M-ti-ma ni mizani 3, mo-yo ni 2. Mstari wangu wa kwanza ukabaki na mizani 15. Si-mi ni 2, si mi-mi ni 3, wa pili ukafika 17. Labda mwenye kusahihisha alijumlisha, akaona 15 na 17 ni 32, deni limelipwa! Shairi si duka la rejareja, chenji ya mstari huu hailipwi kwenye mstari mwingine.

Nisingeandika barua kwa ajili ya hesabu tu. Nimeandika kwa sababu ya simu. Jirani yangu aliupiga picha ukurasa wenu, akamtumia mwanangu kule Muscat. Usiku ule akanipigia, akataka kuniimbia shairi la mama yake. Akaanza, akakwama. Akaanza tena kwa sauti nyingine, akakwama pale pale. Akaniambia, "Mama, samahani, mstari wa kwanza unachechemea." Mie niliyemfundisha kuhesabu mizani kwa vidole akiwa na miaka 7, naambiwa na yeye kwamba nachechemea! Nikamsomea la daftarini. Akaliimba mara moja mpaka mwisho, halafu akanyamaza kidogo, akasema ana usingizi.

Kusuka na kutunga kwangu ni kazi moja. Chane moja ya ukindu ikiruka kwenye ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, ua zima linakwenda upogo, na huwezi kuificha kwa kuongeza nyingine mbele. Sheria hii ya mizani sikuibuni mimi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mtu wa Ujiji, aliziandika sheria za kutunga zikachapwa mwaka 1954. Mshairi Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, Kiswahili hakukinyonya kwa mama, na mizani zake zimekaa. Tangu enzi za gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, wasomaji wanapeleka mashairi magazetini na watu wanayaimba. Marehemu baba alikuwa akiyakata na kuyabandika ukutani kwa uji wa muhogo, mende wakayala, lakini yeye alikuwa keshayahifadhi.

Nisiwe mchoyo wa shukrani. Ukurasa wenu mwaka huu ulinichekesha sana na yale majibizano ya mkaa na gesi. Bwana wa Kilwa aliyelia kwamba wali wa gesi hauna moshi hauna ladha, na yule bibi wa Muheza aliyemjibu kwamba aje basi apulize mwenyewe hilo jiko, hao ndio watunzi wangu wa mwaka. Hapa Pemba tunayajua mambo hayo, washairi wetu wa kale Kamange na Sarahani walijibizana mpaka leo tunawasoma. Mkiwanyima wale wawili nafasi mwakani nitaandika barua nyingine.

Ombi langu ni dogo. Neno msilolielewa liacheni, au ulizeni. Namba yangu ya simu naiandika chini ya kila karatasi na sijawahi kupigiwa hata mara moja. Kama nafasi ni finyu, kateni ubeti mzima, uchungu wake nitauvumilia.

Shairi la 12 nimelitia humu ndani ya bahasha. Linahusu paka wangu aliyezalia juu ya ukindu mpya. Neno "mtima" limo mara 2.

Msomaji wako,
Bi Ukili,
Wete, Pemba.